Maji yanachuruzika? Pampu isubiri kwanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwenye nyumba za zamani hapa Mwanza, na nyingi zina kilio kimoja: maji hayana nguvu, na mtu ameshashauriwa kununua pampu.

Mwangaluka, fundi. Nyumba aliyotuachia baba, Isamilo, ni ya miaka ya 1970. Maji yanachuruzika nyumba nzima, ila kwa jirani yanatoka vizuri. Fundi aliyekuja anasema dawa ni pampu.

Mwangaluka, mama yangu. Hela ya pampu iweke kwanza. Chukua ndoo ya lita 10 na simu ya kuhesabia muda. Kinga maji kwenye koki iliyo jirani na mita, kisha urudie bafuni, koki nyingine zote zikiwa zimefungwa. Kama pale kwenye mita ndoo inajaa kwa sekunde 40 na bafuni inachukua dakika 3, basi maji yanakufikia vizuri, yanakwama ndani ya nyumba. Zikichelewa zote mbili, angalia mita, koki kuu na bomba linalotoka barabarani.

Kwa umri wa nyumba yako nashuku kutu. Enzi zile zilifungwa bomba za chuma zilizopakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma kinaota kutu, na kutu huvimba kuelekea ndani. Maji ya ziwa letu yana madini machache, hayaachi utando wa chokaa ambao ungelikinga bomba. Nimewahi kukata bomba la nusu inchi ambalo hata penseli haikupenya. Tundu likibaki nusu ya upana wake, nafasi ya kupitisha maji inabaki robo, na maji yenyewe hupungua kuliko hapo kwa sababu ya kukwaruzana na kuta.

Angalia pia dalili hizi: maji ya kwanza asubuhi yana rangi ya chai, ukifungua koki yanaruka kwa nguvu sekunde chache, halafu yananywea. Fundi akikuletea geji, kile kipimo cha presha, mwambie aisome koki nyingine ikiwa wazi. Maji yakiwa yametulia, hata bomba lililojaa kutu huonyesha presha nzuri, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Ukifunga pampu kwenye bomba kama hizo, viungo vilivyoliwa vitaachia, na vingine viko ndani ya ukuta. Badilisha bomba. Kama mfuko hauruhusu zote, anza na njia kuu kutoka kwenye mita hadi bafuni na jikoni, uweke za plastiki za robo tatu ya inchi. Matawi ya vyumba yatafuata.

Koki ya jikoni tu ndiyo mbovu, kwingine maji yako sawa. Kirumba.

Fungua kichujio kidogo kilichoko mdomoni mwa koki. Utakuta mchanga na vipande vya kutu. Osha, rudisha.

Sisi tuko juu Mabatini, maji huja usiku tu. Jirani kafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Nasi tufunge, kaka?

Hapana, mdogo wangu, na nakusihi kwa dhati. Pampu ikivuta, presha ndani ya bomba la mtaani hushuka, na penye ufa maji ya mtaro hunyonywa kuingia. Hayo ndiyo mtakayokunywa wewe na majirani, na mwambao huu tunaijua kipindupindu. Isitoshe, aliye juu yako atakosa hata lile tone alilokuwa akipata.

Mji wetu ni wa mawe na milima: kila mita 10 za kupanda hula takribani baa 1 ya presha. Mchana watu wa bondeni wanachota, nguvu inaishia kwao. Usiku wakilala, maji yanakufikia. Basi yapokee usiku: weka tenki chini lenye boya la kuyafunga maji tenki likijaa, lijae lenyewe mkiwa mmelala, kisha pampu ivute kutoka kwenye tenki hilo kupeleka la juu. Hapo pampu ni halali yako, na humdhuru mtu.

Tenki letu liko kwenye mnara, lakini bomba la mvua la kuogea la ghorofani linadondosha matone. Nyakato.

Pima kutoka usawa wa maji ya tenki hadi kwenye bomba la mvua. Mita 2 zinakupa baa 0.2 tu, ni kidogo mno. Inua mnara, au toa bomba nene zaidi kwenye tenki, la inchi moja, likonde baadaye. Tenki kuwa kubwa hakuongezi presha. Urefu ndio unaoongeza.

Nimefungua koki kuu hadi mwisho, maji bado hafifu. Mita ni mpya. Bwiru.

Kama ni koki ya zamani ya gurudumu, huenda sahani yake ya ndani imekatika, imebaki imeziba njia huku gurudumu linazunguka bure. Omba mamlaka ya maji wafunge maji mtaani, uitoe, uweke ya mkono ya robo mzunguko.