Kupima jua linapozama ziwani: kwa anayeanza

Ukitaka kupima jinsi hewa inavyopinda mwanga, usikimbilie lenzi ya bei mbaya. Tafuta rula kwanza, na rula ni upana wa jua lenyewe. Hewa huinua jua, hailisukumi kando, kwa hiyo upana wake hubaki karibu dakika 32 za pembe (nyuzi moja ina dakika 60) hata likiwa chini kabisa. Kimo ndicho hupungua, maana ukingo wa chini huinuliwa kuliko wa juu. Kwenye picha, hesabu pikseli za kimo, gawanya kwa za upana. Basi.

Stendi isiinamie upande. Punguza mwanga mpaka jua lionekane jekundu, lisiwe jeupe pepe, la sivyo kingo zitavimba. Tazama kwenye skrini tu, na jua likiwa bado kali funga kichujio cha jua mbele ya lenzi. Macho hayana spea.

Mtego uko kwenye hesabu. Vitabuni utakuta kwamba hewa huinua jua kwa dakika 34 likiwa kwenye upeo (mstari ambapo mbingu hukutana na maji), na kulibonyeza kwa dakika 5 hivi. Namba hizo ni za usawa wa bahari, hewa ikiwa na joto la nyuzi 10 za Selsiasi. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu, na mgandamizo wa hewa ni kama milibari 885. Apu ya simu itakuonyesha 1,013 au karibu na hapo, kwa sababu hukokotoa kana kwamba Mwanza iko pwani. Iache. Hewa ikiwa nyuzi 25, zidisha namba za kitabu kwa 0.83: 34 inakuwa 28, na 5 inabaki 4 na kidogo. Wengi hulaumu kamera isiyo na kosa.

Capri Point, hapa Mwanza, ni pazuri kwa macho, ila ng'ambo ya ghuba kuna nchi kavu. Musoma jua huzamia majini. Bukoba huchomozea majini, kwa wanaoweza kuamka. Maji yakiwa na joto kuliko hewa, jua huota kama mguu chini. Picha hiyo weka ukutani, usiipime.

Ukishazoea, pima kwa saa. Huku jua hushuka karibu wima, dakika ya pembe kwa sekunde 4, hivyo hewa hulichelewesha kuzama karibu dakika 2 nzima za saa. Linganisha saa ya kamera na ya simu, na ukisimama juu ya mwamba ingiza kimo chake kwenye hesabu: mita 10 hushusha upeo kwa zaidi ya dakika 5 za pembe.