Moshi wa malori, jiko la mkaa na kichwa cha mwanafunzi

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kila asubuhi husimama zaidi ya nusu saa Barabara ya Mandela kusubiri daladala, malori ya bandarini yanampitia puani. Tangu mvua zianze analalamika kichwa kila usiku akijisomea, na anasahau alichosoma. Akiamka asubuhi yuko mzima. (Siku hizi napikia koridoni, nje kunanyesha.) Jirani anasema moshi wa magari unamla ubongo, nimpe maziwa na nimvalishe barakoa. Ni kweli? – Mama Juma

JIBU: Marahaba, Mama Juma. Jirani yako amepatia nusu.

Kwamba uchafu wa hewa unafika kwenye ubongo, hayo si maneno ya kijiweni. Moshi wa dizeli umejaa chembe ambazo upana wake haufiki hata sehemu 2.5 za elfu moja za milimita. Unywele mmoja ni mpana mara 30 hivi ya hapo. Pua haiwezi kuzichuja. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, zile ndogo kabisa zinapenya kwenye damu, na nyingine zinaweza kupanda kwa kufuata mshipa wa fahamu wa kunusa, ambao toka puani hadi kwenye ubongo ni safari fupi sana. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walipima ubongo wa marehemu 37 wa Mexico City na Manchester, wakakuta punje za chuma zenye usumaku, nyingi za mviringo, umbo la kitu kilichopitia moto mkali.

Kuhusu kusahau, utafiti ninaouamini zaidi ni wa Barcelona, uliochapishwa 2015. Watoto 2,715 wa shule 39 walipimwa kwa mwaka mmoja ule uwezo wa kushika namba kichwani huku unaendelea kukokotoa. Kwenye shule zenye hewa safi zaidi uwezo huo ulikua kwa asilimia 11.5, kwenye zenye hewa chafu, asilimia 7.4. Lakini huo ni wastani wa kundi zima, na madhara ya namna hiyo hujengeka polepole. Hayamwachi mtoto mzima asubuhi na kumwangusha usiku.

Ndiyo maana nimesimama kwenye hayo maneno uliyoyaweka kwenye mabano. Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi, na hapo ndipo unapotudanganya. Unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ubongo ukikosa oksijeni, kinachotangulia ni kichwa kuuma, usingizi mzito na kushindwa kushika unachosoma. Akilala jiko limezimika na hewa imebadilika, anaamka mzima. Hebu jiulize: na wewe kichwa hakikuumi jioni? Wadogo zake je?

Kuanzia leo jiko litoke, hata kama ni chini ya upenuni na mwavuli mkononi. Usilirudishe ndani likiwa na makaa mekundu. Mkienda kituo cha afya, mtaje jiko kabla hamjaulizwa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kinaweza kuonyesha asilimia 98, kana kwamba yuko sawa, wakati damu imejaa hewa hiyo. Akitapika, akipepesuka au akizimia, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali papo hapo.

Maziwa mpe, ni chakula kizuri, ila yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni, havikutani. Barakoa ya kitambaa inapunguza vumbi la barabara, si zile chembe laini. N95, ile barakoa maalumu ya kuchuja chembe, ikibana vizuri inazizuia, lakini kwa kaboni monoksidi haina msaada wowote. Pale kituoni hatua zina faida kuliko barakoa: asisimame ukingoni mwa lami, arudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, upande upepo unakotokea, asogee gari likishasimama. Najua kwa kugombania kiti hilo ni gumu.

Wiki mbili bila jiko ndani zikipita na kichwa bado kinamgonga, mpeleke akapimwe macho na wingi wa damu.