Je, Ida Lupino aliishiwa alipohamia televisheni?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa Mpwapwa, nasoma hapa Dodoma na nataka kuwa mwongozaji wa filamu. Nimetazama The Hitch-Hiker ya mwaka 1953 nikaipenda mno. Lakini nikifuatilia kazi za Ida Lupino aliyeiongoza, naona baada ya mwaka ule ni vipindi vya televisheni tu. Mwenzangu anasema aliishiwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuishiwa, na mwenzako mwambie hivyo bila kumung'unya maneno.

Lupino alizaliwa London mwaka 1918, akapata jina Hollywood kama mwigizaji. Mwaka 1949 alikuwa mtayarishaji na mmoja wa waandishi wa filamu ya Not Wanted. Kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mwongozaji Elmer Clifton akapatwa na mshtuko wa moyo. Lupino akaipokea kazi, akaimaliza, na jina la Clifton akaliacha palepale kama mwongozaji. Kisha akaongoza filamu tano kwa jina lake mwenyewe, akigusa mambo ambayo studio kubwa ziliyakwepa: ubakaji, mume mwenye mke wa pili kwa siri, na polio, ugonjwa uliomwandama yeye mwenyewe ujanani.

Hiyo uliyoipenda ina wanaume watatu, gari na majabali. Walishuti Lone Pine, California, pakafanywa ndiyo Mexico ya kwenye hadithi. Mimi nikiitazama nayaona majabali yetu ya Dodoma, na nauma meno kwamba tunayapita kila siku tukienda kukodi nyumba za kifahari za kushutia.

Kilichomtoa kwenye sinema ni usambazaji. Kampuni yake, The Filmakers, aliyoianzisha na Collier Young aliyekuwa mumewe, iliamua kusambaza filamu zake yenyewe. Lupino alipinga. Hawakumsikiliza, na kampuni ikafa. Hilo likae kichwani mwako, maana hata hapa kwetu nimeona filamu nzuri zikiozea kabatini kwa sababu hiyohiyo.

Sasa televisheni. Aliongoza Have Gun – Will Travel, Alfred Hitchcock Presents, Thriller na nyingine nyingi. Kule mwongozaji anakuta wahusika wakuu walishachaguliwa na siku za kushuti ni chache mno. Asiyejua kazi anaumbuka siku ya kwanza. Yeye aliitwa tena na tena. Katika mfululizo wa awali wa The Twilight Zone ndiye mwanamke pekee aliyeongoza, kipindi cha "The Masks" cha mwaka 1964. Familia yenye tamaa ya urithi inalazimishwa kuvaa vinyago hadi saa sita usiku. Fikiria: unaongoza waigizaji ambao nyuso zao zimefunikwa! Angalia anavyotumia mabega, sauti na namna mtu anavyoketi.

Mwaka 1966 alirudi kwenye sinema na The Trouble with Angels, inayohusu wasichana wa shule ya masista. Lakini wewe anza na "The Masks". Itazame mara ya kwanza ukiwa umezima sauti.