Kumtembeza mama katikati ya Nairobi

Dada, umeuliza mle wapi na mtembezwe na nani ukimleta mama kutoka Kisumu. Anzeni Kumbukumbu za Taifa (National Archives, jumba la nyaraka za kale), Barabara ya Moi. Jengo lenyewe lilikuwa benki, na ndani mna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Mama asiharakishwe hapo. Kisha Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, hizo mbili ziko jirani kabisa.

Kiongozi wa watalii mwulize leseni, mpatane bei na saa kabla ya kutoka, na msimtumie pesa zote mapema kwa M-Pesa. Anayewafuata barabarani akijisifu, mwambieni asante, mwende zenu.

Chakula, mimi ningewapeleka soko la Kariokor mkale nyama choma. Uliza kwanza bei ya kilo, chagua mbavu mwenyewe, ipimwe mkiona mizani, ndipo ichomwe. Italetwa ubaoni ikatwe mbele yenu, pamoja na ugali na kachumbari. Kuchoma huchukua muda, kwa hiyo fikeni kabla njaa haijawabana, na mwambie mchomaji mapema kama mama anataka nyama laini.