Fremu ya skwati kwa anayefanya mazoezi peke yake

SWALI: Nimetenga chumba cha mita 3 kwa 2.5, dari mita 2.3. Napiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito mgongoni) ya kilo 90 na sina mtu wa kunisaidia. Nimeona stendi za nguzo mbili zisizounganishwa, na fremu ya nguzo nne. Zile mbili hazibani chumba. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua nguzo nne. Nguzo mbili zinaibeba baa, ile fimbo ya chuma ya uzito, vizuri tu. Shida ni ile mara ya mwisho unaposhuka na miguu ikakataa kupanda. Hapo kinachokuokoa ni mikono ya usalama, vile vyuma viwili vya pembeni kwenye fremu ya nguzo nne vinavyoipokea baa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, angalia matundu ya nguzo, ambamo mikono hiyo huchomekwa. Yakiachana sentimita 5 ni sawa. Yakiachana 10, mikono itakuwa juu mno inagongwa kila ukishuka, au chini mno hadi ukae sakafuni na baa bado iko mgongoni. Kuipima ni rahisi: shuka na baa tupu hadi mwisho wako, kisha weka mikono ya usalama sentimita 3 hadi 5 chini ya baa. Kulabu nazo, zile zinazoishika baa kabla hujaibeba, ziwe sentimita 10 hivi chini ya bega. Usikubali kamwe kutoa kilo 90 kwenye kulabu ukiwa umesimama kwa vidole.

Bomba la nguzo la milimita 60 kwa 60, unene wa milimita 2, linakutosha. 3 ni bora zaidi.

Baa ya kilo 20 ina urefu wa mita 2.2, basi ielekeze kwenye upande wa mita 3. Kila ncha itabakiwa na sentimita 40 za kuvika pleti, vile visahani vya uzito. Ni padogo, lakini panatosha fremu ikikaa katikati.

Dari ndiyo huwaponza wengi. Fremu ya kimo cha sentimita 215 na kina cha 120 ina mshazari wa 246. Ukiiunga ikiwa imelala, haitasimama chini ya dari yako. Iunge ikiwa wima, palepale itakapokaa. Bolti zikaze nusu kwanza, pima mishazari miwili ilingane, ndipo ukaze zote. Rudia kukaza baada ya wiki moja.

SWALI: Nilikuwa natoa pleti upande mmoja, baa ikapinduka. Kwa nini?

JIBU: Kulabu zako huenda zimekaribiana. Zikiwa na sentimita 70 kati yake, pleti ya kilo 25 iliyobaki upande mmoja inatosha kuipindua baa ya kilo 20. Kama stendi zako zinasogea, zitanue hadi sentimita 110 hivi, na toa pleti kwa zamu: moja kulia, moja kushoto.