Maswali yenu: jaribio la dawa linalobadilika njiani

*Shikamoo dokta. Kwenye semina tulisikia habari za "jaribio la jukwaa". Lina tofauti gani na majaribio tuliyozoea? – Muuguzi, Kasulu*

Marahaba. Jaribio tulilozoea hupima dawa moja, likiisha linafungwa. Mwenye dawa nyingine anaanza upya vibali, fomu, wahudumu, wagonjwa. Jukwaa hubaki wazi. Dawa kadhaa hupimwa kwa pamoja, zote zikilinganishwa na kundi lilelile linalopata matibabu ya kawaida. Isiyosaidia inatolewa, mpya inaingizwa. Ni kama boti ya Kibirizi kwenda Mwamgongo: huyu anashuka, yule anapanda, safari inaendelea.

Uingereza walianzisha jaribio la RECOVERY Machi 2020. Kufikia Juni walishajua kwamba haidroksiklorokwini haiwasaidii waliolazwa na korona, na kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa karibu theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Miezi mitatu tu!

*Kubadilisha kanuni mechi ikiendelea si kuchakachua? – Mwanafunzi, Tabora*

Ingekuwa hivyo kama kila mtu angebadilisha anapojisikia. Hapa mabadiliko yenyewe yameandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia: tutachungulia takwimu lini, na dawa itolewe ikifikia kiwango gani. Anayechungulia ni kamati huru, si mtafiti. Ukichungulia mara nyingi bila utaratibu, bahati itakudanganya, ndiyo maana wanatakwimu huliigiza jaribio kwenye kompyuta maelfu ya mara kabla ya kuanza.

Mtego ninaouogopa zaidi mimi ni huu. Dawa iliyoingia Julai ukiilinganisha na wagonjwa wa Machi, umepotea. Muulize yeyote wa wodi ya watoto kama malaria ya masika na ya kiangazi ni kitu kimoja.

*Nina ndugu zangu Kongo. Wakati wa Ebola watu walisema wanafanyiwa majaribio kama panya. – Mama, Ujiji*

Pole mama, hofu hiyo ina historia yake. Jaribio la PALM, la dawa za Ebola huko Kongo, lilianza Novemba 2018, na mmoja wa waliolisimamia ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo mwenyewe. Halikuwa jukwaa kamili, ila moja ya dawa zake nne iliongezwa baadaye. Kila mgonjwa alipewa dawa mojawapo, hakuna aliyepewa maji matupu. Agosti 2019 kamati ilisimamisha dawa mbili: waliozitumia walifariki takriban nusu, ilhali kwenye nyingine mbili ilikuwa kama theluthi. Kuanzia hapo wagonjwa wakapewa hizo mbili bora. Na moja kati yake asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

*Nikijitolea nalipwa? – Bodaboda, Mwanga*

Nauli na muda wako hurudishwa, ndugu yangu. Ukiona wanakutajia donge nono, uliza kwanza kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba).