Chemchemi ya mtungi uani: ficha maji, acha sauti

Wengi wanaoniuliza habari za maji yanayotiririka uani kwangu hapa Mtwara huwa tayari wana bwawa kichwani: shimo, saruji, samaki wawili watatu, yungiyungi katikati. Mimi huwaambia bwawa waliache. Si kwamba ni baya, ila ni kazi ya kila siku, na nyumba zetu hizi watoto wa jirani wanaingia bila hodi, mbu hawana likizo, na maji ya bomba siku nyingine yanakuja siku nyingine hayaji. Maji yaliyokaa wazi katika mazingira hayo ni mzigo.

Kinachofaa ni chemchemi ya mtungi. Mtungi unasimama juu ya mawe, maji yanafurika mdomoni, yanateleza tumboni mwake, kisha yanazama katikati ya mawe na kupotea. Chini ya mawe kuna pipa lililofukiwa, na ndani ya pipa pampu ndogo inayoyarudisha juu. Mtoto hana mahali pa kutumbukia.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni la maji yenyewe. "Baba, sisi tunanunua kwa ndoo, wewe unamwaga?" aliniambia mama wa nyumba ya pili, na alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba maji ni yale yale yanayozunguka, yanayopotea ni yale tu yanayochukuliwa na jua na upepo. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ikipungua kwenye mita moja ya mraba, umepoteza lita moja. Kwa hiyo bwawa la mita mbili kwa mbili likipungua milimita tano kwa siku, limekunywa lita 20, ndoo nzima, na kesho hivyo hivyo. Pipa lililofunikwa kwa mawe jua halilioni, basi kinachokauka ni ule unyevu wa juu ya mtungi na mawe. Kipindi cha kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi, mvua zikishakatika upepo haupumziki, na hapo ndipo utaona tofauti kubwa. Weka chemchemi upande wa nyumba uliokingwa na upepo huo. Ukiiweka kunakovuma, utakuwa unamwagilia ukuta.

Mtungi wangu niliununua kwa bibi mmoja mfinyanzi njia ya kwenda Nanyamba. Nilichagua mzuri kuliko yote, mweusi, tumbo limekaa sawa. Akaniuliza ni wa maji ya kunywa? Nikamwambia hapana bibi, nitautoboa chini. Akaurudisha mahali pake, akaingia ndani, akatoka na mwingine wenye pengo mdomoni. "Chukua huu, mjukuu wangu. Mzima hautobolewi." Akanipunguzia na bei. Lile pengo limekuja kunifaa kuliko mdomo mzima, nitaeleza mbele.

Mitungi yetu haichomwi kwa moto mkali kama vigae vya dukani, kwa hiyo ni laini na inavuja jasho. Kwa maji ya kunywa hilo ndilo linaloyafanya yawe baridi. Kwa chemchemi inabidi uzibe. Loweka mtungi usiku kucha kabla ya kuutoboa, kisha ugeuze mdomo chini juu ya gunia la mchanga ili usicheze. Tumia biti ya tofali, na kwenye drili zima ule mtindo wa kugonga, iwe inazunguka tu. Anza na biti nyembamba, ya milimita sita, halafu panua kidogo kidogo huku mtu mwingine akidondoshea maji. Usisukume. Mlio ukibadilika ukawa mwepesi, ujue umekaribia kutokea upande wa pili, na hapo ndipo watu hubandua kipande kikubwa kama kiganja. Legeza mkono kabisa, acha biti ijilie njia yenyewe.

Kwenye tundu funga ile nati ya plastiki yenye mipira miwili ambayo mafundi bomba hufungia simtanki, ya nusu inchi inatosha. Ikishakaa, paka ndani ya mtungi rojo la saruji mara mbili, uufunike kwa gunia bichi, uuache kivulini wiki moja. Baada ya hapo ujaze maji, umwage, ujaze tena, umwage, siku kadhaa mfululizo. Maji ya mwanzo ukiyashika yanateleza kama ya sabuni. Hiyo ni saruji, na usiyamwagie maua. Ndege watakuja kunywa hapo, kwa hiyo usifanye haraka.

Sasa pipa, na hapa naomba usome polepole. Pipa la plastiki la lita 200 ukilikata katikati kwa upana unapata chombo cha lita kama 100, chenye kina cha nusu mita hivi. Kabla ya kununua uliza lilibeba nini. Huku kwetu kwenye korosho mapipa yaliyokuwa na viuatilifu yanazunguka mitaani yakiwa yameoshwa vizuri, na kuoshwa hakutoshi. Ukilinusa na huna hakika, liache. La mafuta ya kula ni afadhali, hata kama utamaliza sabuni.

Kwa nini lita 100 wakati mtungi unachukua 30 tu? Kwa sababu pampu ikizimwa, maji yote yaliyomo mtungini yanarudi chini kwa bomba lile lile yaliyopandia. Lazima pipa liwe na nafasi ya kuyapokea, na wakati mtungi umejaa, pipa libaki na maji ya kutosha kufunika pampu. Pampu ya kuzamisha inapozwa na maji; ikifanya kazi kavu inaungua. Mafundi wengine watakushauri uupandishe mpira wa maji ndani ya mtungi hadi karibu na mdomo ili maji yasirudi na mtungi uwe umejaa muda wote. Kataa. Mtungi uliojaa maji yaliyotulia usiku kucha ni nyumba ya mbu, tena wa homa ya dengi, ambaye anapenda vyombo kama hivyo hasa. Anataga mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri kuloweshwa. Mpira ukiishia chini tundu lilipo, kila ukizima mtungi unajimwaga wenyewe. Ukiwasha, pampu inayotoa lita 600 kwa saa inaujaza kwa dakika tatu. Ni muda wa kwenda kuchukua kikombe cha chai.

Pipa nalo linahitaji kuzibwa. Mawe peke yake hayamzuii mbu, anapenya katikati. Nunua wavu wa dirishani, ukate kipande kinachozidi mdomo wa pipa, ukifunge kwa kamba kuzunguka ukingo. Vyandarua vya kulalia viachwe vitandani. Wavu huo unazuia na chembe kubwa za mchanga, na mchanga ndio unaokula pampu.

Udongo wetu wa pwani ni kichanga, shimo linabomoka ukiwa bado unachimba. Chimba pana kuliko pipa kwa shubiri nzima kila upande, ushushe pipa, ulijaze maji kwanza, ndipo urudishe mchanga kidogo kidogo ukiushindilia kwa maji. Pima kwa pima maji kabla hujafukia. Sehemu za chini karibu na bahari usiliache tupu wakati wa masika, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma likaibuka. Toboa tundu la ziada upande mmoja, inchi mbili chini ya mdomo, ulipe bomba linaloelekea kwenye migomba. Mvua za Januari zikijaza pipa, zinamwagilia migomba badala ya kuleta matope barazani.

Mtungi uliojaa ni mzito, kilo 30 za maji tu bado udongo wenyewe, kwa hiyo usiuegemeze kwenye ukingo wa plastiki. Laza nondo za milimita 12 juu ya pipa, ncha zake zipite ukingo na kukaa kwenye ardhi iliyoshindiliwa, kila upande shubiri. Zipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, chumvi ya hewa yetu haina huruma na chuma. Juu ya nondo wavu wa chuma, juu yake mawe. Tandaza pia nailoni nene kuzunguka pipa, ikiinama kuelekea ndani, ili matone yanayoruka nje yarudi. Kipimo cha kufuata: maji yakianguka kutoka urefu wa nusu mita, uwe na angalau nusu mita ya kuyapokea kila upande. Na pembeni mwa wavu wa chuma kata mlango wa kupitisha mkono, ufunikwe kwa jiwe moja bapa. Pampu utaitoa kuisafisha mara nyingi kuliko unavyodhani, na hutaki kupangua mawe yote kila mara.

Mawe yenyewe chukua kokoto kubwa au mawe ya kawaida ya kujengea, uyaoshe hadi maji yatoke meupe. Matumbawe nakuomba uyaache baharini. Najua nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwayo na zinapendeza, lakini huko Msimbati ni hifadhi ya bahari, na hata nje ya hifadhi mwamba uliovunjwa haurudi maishani mwako.

Pampu ukienda kununua, usimsikilize muuzaji anayekutajia wati. Tazama kibandiko: kuna namba ya lita kwa saa na namba ya urefu. Urefu ule ni mahali ambapo maji yanasimama, hayatoki tena. Pampu iliyoandikwa mita moja, ukiipandisha mita moja haitoi hata tone. Pima kutoka chini ya pipa hadi mdomo wa mtungi, kisha chukua yenye urefu mara mbili ya hapo. Kwa mtungi wa kawaida ni pampu ya wati 18 au 20. Ya wati 18 ikiwashwa kwa muda wa saa tano kila jioni inatumia kama uniti 2.7 kwa mwezi, si kitu cha kugombanisha watu na luku. Kama inapatikana ya volti 12, chukua hiyo, adapta ikae ndani ya nyumba pakavu. Ya volti 230 ipitie swichi inayokata umeme ukivuja, na usiishike ikiwa imechomekwa. Waya uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yanayoufuata yadondoke hapo.

Za sola zisizo na betri zinasifiwa sana. Sizipendi. Zinacheza saa sita mchana ukiwa kazini, wingu likipita zinakata, na jua likizama, wakati ambao mtu kweli anakaa barazani, zimekufa.

Baada ya yote hayo kuna kazi niipendayo, kutengeneza sauti. Mdomo wa mtungi ukiwa umelala sawa kabisa, maji yanashuka pande zote bila kelele, unayaona tu. Ukiuinamisha unene wa sarafu, au ukiwa na pengo kama la mtungi wa bibi yangu, yanakusanyika upande mmoja na kuanza kusema. Yakianguka kwenye jiwe bapa sauti ni kali na nyembamba. Yakianguka kwenye jiwe lenye shimo linalobakisha maji kidogo, inakuwa nzito. Hamisha mawe, kaa barazani, sikiliza, rudi uhamishe tena. Kisha punguza koki ya pampu. Watu huifungua yote wakidhani wingi ni uzuri, matokeo yake inasikika kama bomba lililopasuka na wageni wanaulizia choo. Ila lile jiwe lenye shimo likaushe au ligeuze ukizima, nalo ni maji yaliyosimama.

Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi na yataacha utando mweupe kwenye mtungi. Siki na brashi vinautoa, lakini mtungi mweusi wenye mistari meupe mimi unanipendeza, nimeuacha. Ule wa kijani unaoteleza ndio wa kusugua, pamoja na kubadilisha maji yote kila mwezi. Ya zamani yaende kwenye migomba, kama hayana chumvi nyingi.

Kiangazi nyuki watakuja, hasa kati ya Agosti na Novemba maporini kukikauka. Usiwapulizie dawa. Weka jiwe moja lenye unyevu upande wa mbali na viti, watalizoea hilo na kukuachia mtungi.

Ukisafiri wiki nzima au zaidi, chomoa pampu, subiri mtungi ujimwage, ufunike mdomo kwa wavu. Ukimwachia mtu nyumbani aendelee kuiwasha, mwambie akishaona maji yameshuka chini ya alama uliyoichora ndani ya pipa juu ya pampu asiwashe mpaka ameongeza ndoo moja.